Pambo la Kifuani, Amana ya Aliye Mbali

Tumezoea kulipima pambo la mwanamke kwa mizani ya sonara. Leo twawasimulia mapambo ambayo thamani yake mizani hiyo haiwezi kuijua.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, askari wengi wa Uingereza waliwapa wake, wachumba na mama zao bruchi, yaani pini ya pambo ivaliwayo kifuani, yenye mfano mdogo wa nembo ya kikosi. Mwenye uwezo alinunua ya dhahabu. Asiye nao alinunua ya shaba, au ile iliyopachikwa juu ya gamba la chaza. Mwanamke aliyeivaa hakuwa na haja ya kuulizwa: jirani alijua kwamba ana wake vitani.

Katika mahandaki ya Ufaransa, askari hawakuwa na sonara wala duka. Waliokota vichwa vya makombora ya Wajerumani, wakayeyusha alumini yake, wakaisubu na kuikata kwa tupa hata ikawa pete, kisha wakaipeleka nyumbani. Kile kilichorushwa kije kumuua mume kikawa salamu kidoleni mwa mke.

Vita vya Pili vilipozuka, 1939 hadi 1945, madini mengi yalitakiwa viwandani kwa ajili ya silaha. Huko Marekani mapambo haya yakatengenezwa kwa fedha, mbao na plastiki. Wako askari waliochonga nyoyo ndogo kutoka katika plastiki angavu ya madirisha ya ndege, na wako wanawake waliovaa vidani vyenye picha ya mpendwa ndani.

Wengi wao hawakurudi. Mwaka 1947 Bunge la Marekani liliidhinisha pini ndogo yenye nyota ya dhahabu, wapewe wajane na wazazi wa waliouawa vitani. Hilo ni pambo ambalo hapana mwanamke aliyelitamani.

Nasi tunazo nyumba ambazo baba yuko melini au kazini Uarabuni. Enyi waume, msingoje mpate cha thamani kubwa ndipo mkumbuke nyumbani. Askari yule alikuwa na kipande cha kombora na tupa tu, na hakuona haya kukileta. Nanyi mama zetu, kidogo kikifika, kipokeeni kwa furaha, kwani aliyekileta amewakumbuka akiwa mbali.