Msumeno wa Mnyororo: Damu Ikitoka Kwa Wingi, Dakika za Kwanza ni Zako

Mvua inapokaribia, wakazi wengi wa Kilimani, Lavington, Westlands na Karen huita mafundi wapogoe mikaratusi na mijakaranda kabla matawi hayajaangukia nyumba au nyaya za stima. Kazi hiyo hufanywa kwa msumeno wa mnyororo, na mnyororo huo ukikata mguu, hukata nyama na mshipa kwa pamoja.

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, anaweza kufa kwa dakika chache, ilhali ambulensi bado imekwama kwenye foleni ya Waiyaki Way au Ngong Road. Anayeweza kumwokoa ni aliye karibu: fundi mwenzake, mlinzi wa lango au mwenye nyumba.

Kabla ya kuwasha injini

• Mti ukiwa kando ya barabara au kwenye ardhi ya umma, pata kwanza kibali cha kaunti.
• Matawi yakigusa nyaya, usikate. Piga simu Kenya Power, 97771.
• Fundi avae kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, buti, na suruali maalumu ambayo nyuzi zake hukwamisha mnyororo.
• Hakikisha breki ya mnyororo inafanya kazi. Sehemu ya juu ya ncha ya msumeno ikigusa mti, msumeno hurukia aliyeushika.
• Shika kwa mikono miwili, usikate juu ya mabega, wala usifanye kazi peke yako.
• Watu wengine wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti unaoangushwa.

Ajali ikitokea

1. Zima msumeno. Mtu mmoja apige 999 au 112, ataje mtaa, barabara na alama iliyo karibu.
2. Mlaze majeruhi. Vaa glavu, au mifuko safi ya plastiki mikononi.
3. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, ukandamize kwa nguvu kwa mikono yote miwili. Usifunue kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake.
4. Jeraha la mkono au mguu likiendelea kuvuja damu kwa wingi, funga kitambaa kipana, upana wa sentimita 4 au zaidi, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa kiwiliwili. Usifunge juu ya goti wala kiwiko. Pitisha kijiti imara kwenye fundo, ukizungushe hadi damu ikome, kisha ukifunge kisifunguke. Kitauma sana, lakini usilegeze. Andika saa uliyofunga.
5. Mfunike apate joto. Usimpe chakula wala kinywaji.

Usitie mafuta ya taa, majivu, kahawa wala udongo kwenye jeraha. Havizuii damu, na huleta maambukizi. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, ukitie kwenye mfuko wa plastiki, kisha uweke mfuko huo juu ya barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja.

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Usicheleweshe safari ya hospitali kwa sababu ya pesa.

Fundi akija, muulize maswali mawili kabla hajaanza kazi: mfuko wa huduma ya kwanza uko wapi, na nani kati yenu anajua kuutumia?