Saa ya Ukutani na Saa ya Mwili

Familia nyingi zina ndugu walioko Ulaya au Marekani kwa kazi au masomo. Ndugu akiwa London, ikifika mwisho wa Machi simu yake iliyokuwa ikilia saa tatu usiku huanza kulia saa mbili. Huko saa zimesogezwa mbele. Mwezi huu tutazame sababu ya jambo hilo na athari zake kwa afya.

KWA NINI SAA HUSOGEZWA?
Kwetu karibu na ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Ndiyo maana Waswahili tunahesabu saa kuanzia mapambazuko. Ulaya sivyo. Mchana wa London mwezi Juni huzidi saa 16, na mwezi Desemba haufiki saa 8. Katika majira ya joto jua huchomoza watu wangali wamelala.

Mwaka 1907 mjenzi wa London, William Willett, alitoa kijitabu akishauri saa zisogezwe mbele ili mwanga huo usipotee bure. Alifariki mwaka 1915 kabla ya kusikilizwa. Ujerumani ilianza tarehe 30 Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ili kuokoa makaa ya mawe. Uingereza ilifuata mwezi Mei mwaka huo, na Marekani mwaka 1918.

NI LINI?
Ulaya, sehemu kubwa, husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani, tangu mwaka 2007, ni Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Hawaii na sehemu kubwa ya Arizona hawabadilishi. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura kuacha desturi hii, lakini nchi wanachama hazijaafikiana.

MWILI HUPATA NINI?
Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotawala usingizi, joto la mwili na homoni. Sehemu hiyo huongozwa na mwanga unaoingia machoni. Saa ya ukutani husogezwa mara moja tu, bali saa ya mwili huhitaji siku kadhaa. Kwa hiyo mtu huamka Jumatatu akiwa amepungukiwa na usingizi.

Uchunguzi wa Sweden uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mishtuko ya moyo iliongezeka kwa karibu asilimia 5 katika wiki ya kwanza baada ya saa kusogezwa mbele. Marekani nako, uchunguzi wa mwaka 2020 ulionyesha ongezeko la karibu asilimia 6 la ajali za magari zenye vifo katika wiki hiyo.

USHAURI
1. Siku chache kabla, mtu alale mapema kwa dakika 15 zaidi kila usiku.
2. Asubuhi atoke nje apate mwanga wa jua.
3. Asinywe kahawa jioni, wala asiendeshe gari akiwa na usingizi.
4. Kwa dawa nyingi, tofauti ya saa moja haina madhara. Anayetumia insulini au dawa za kifafa amwulize daktari wake.

Sisi hatusogezi saa, lakini somo ni letu pia. Mlinzi na muuguzi wa zamu ya usiku, na kijana anayekesha na simu, nao huuvuruga mwili vivyo hivyo. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila siku.

Mkitaka kupiga simu kumbukeni: sisi tuko mbele ya London kwa saa 3, na saa 2 katika majira yao ya joto. Kwa New York ni saa 8, kisha 7. Tusimwamshe ndugu aliyechoka.