Siri ya mabango ya maandishi yanayotembea

MABANGO ya taa yenye maandishi yanayotembea huonekana kuwaka yote kwa pamoja, lakini jicho huhadaika.

Taa 64 za LED hupangwa kwa mistari 8 na safu 8, hivyo nyaya 16 hutosha. Chipu mbili za 74HC595 huiwezesha maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, kuziendesha kwa nyaya tatu: wa kwanza hupeleka tarakimu mojamoja, wa pili huzisogeza, wa tatu huzitoa kwa pamoja. Huwaka mstari mmoja tu, kisha unaofuata, kwa kasi kubwa.

Hatari ipo hapo. Programu ikikwama, mstari mmoja hubaki ukiwaka, na umeme uliokadiriwa kwa muda mfupi huweza kuziunguza taa zake. Fundi makini huweka kipimamuda kinachoianzisha upya programu iliyokwama.