Kushirikisha au Kushirikiana? Istilahi ya Utengamao wa Watoto

Miongoni mwa dhana za afya zinazowatatiza wafasiri ni ile ya kumhudumia mtoto mwenye ulemavu wa viungo huku familia yake ikiwa na kauli katika huduma hiyo. Majina mawili humjia mfasiri upesi: "utengamao unaozingatia familia" na "utengamao unaoshirikisha familia". Yafaa tuyapime kabla ya kuyakubali.

Tuanze na neno utengamao. Limetokana na kitenzi tengamaa, yaani kutulia na kuwa katika hali njema. Katika lugha ya Wizara ya Afya lina maana ya huduma za kumrudishia au kumjengea mtu uwezo wa kutenda, fiziotherapia ikiwa mojawapo. Neno hili ni zuri kwa kuwa halidai uponyaji. Mtindio wa ubongo hauponi, lakini maisha ya mtoto mwenye hali hiyo yaweza kutengamaa.

Ama dhana yenyewe, mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha hojaji ya kupima jinsi wazazi wanavyouona mwenendo wa huduma wanazopewa watoto wao. Msingi wa mtazamo wao ni kwamba mzazi humjua mtoto wake kuliko mtu mwingine. Kila familia ina hali yake. Na mtoto hustawi akiwa ndani ya familia na jamii inayomtegemeza. Kwa hiyo mtaalamu na familia huweka malengo pamoja.

Tuchukue mfano wa Wilaya ya Same. Mji wenyewe uko tambarare, lakini vijiji vingi viko juu katika Milima ya Upare, ambayo kilele chake, Shengena, kina urefu wa meta 2,462. Mama anayeteremka kutoka huko na mtoto mgongoni hawezi kufika hospitali kila siku. Akiandikiwa mazoezi ya saa nzima, ilhali shamba la tangawizi na kuni vinamngoja, mazoezi hayo hubaki katika karatasi. Lakini mtaalamu akimwuliza siku yake inavyokwenda, huenda wakaona pamoja kwamba kumbeba mtoto ubavuni, miguu ikiwa imetanuliwa, husaidia mapaja yanayokaza. Na kwamba bibi amlishaye aweza kumketisha wima. Hapo zoezi limeingia katika malezi.

Sasa turudi kwenye vitenzi. Kuzingatia huifanya familia kuwa kitu cha kuangaliwa tu. Kushirikisha kuna kiambishi cha kusababisha: mwenye shughuli ni mtaalamu, naye humwita mzazi apendapo. Kushirikiana ni kutendana. Hakuna mwalikwa wala mwenyeji.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza "utengamao wa kushirikiana na familia". Neno familia libaki, mradi lifahamike kuwa bibi, shangazi na mjomba wamo. Kaya hufunga mlango kwa ndugu wa nyumba ya pili, na jamaa ni pana mno.

Kwa watumishi wa serikali watayarishao miongozo, tofauti hii si ya mapambo. Palipoandikwa "mzazi ashirikishwe katika mazoezi", mzazi hupokea amri. Paandikwe "mtaalamu na familia wapange mazoezi pamoja", naye mama wa mlimani atakuwa na haki ya kusema lipi linawezekana nyumbani kwake.