Toti Ni Ile Ile, Mwili Umebadilika

Mtu aliyezoea toti mbili za wiski kila mwisho wa wiki hufika miaka 65 akaona mambo yamegeuka. Toti hizo hizo zinamlevya mapema, usingizi unakatika usiku wa manane, na asubuhi anaamka na kichwa kizito. Wengi humlaumu mwenye baa kwamba kinywaji kimechakachuliwa. Mara nyingi chupa haina kosa, mwili ndio uliobadilika. Anayetaka kuendelea kufurahia glasi yake uzeeni hana budi kujifunza kuipima upya.

Tuanze na maji. Pombe husambaa mwilini kupitia maji, na mwili wa kijana wa kiume ni maji kwa takriban asilimia 60 ya uzito wake. Kadiri umri unavyosonga, misuli hupungua na mafuta huongezeka, hivyo maji hushuka na kukaribia asilimia 50. Mwanamke ana maji kidogo zaidi tangu ujanani, na kwake pia hupungua. Ni kama kuchukua chumvi ya sufuria kubwa ukaitia kwenye sufuria ndogo: kiasi ni kile kile, ukali umezidi.

Halafu kuna ini. Kwa mtu mzima mwenye afya, ini huondoa takriban gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa, na hakuna kahawa wala kuoga maji baridi kunakoliharakisha. Uzeeni damu inayopita kwenye ini hupungua, na pombe hukawia zaidi mwilini. Ubongo nao huathirika upesi, hasa pale panapohusika na kumbukumbu na kusimama wima bila kuyumba.

Hesabu ya gramu

Watu huhesabu glasi, lakini mwili unahesabu gramu. Chukua mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia ya kilevi iliyoandikwa kwenye chupa, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Toti moja ya mililita 30 ya wiski yenye asilimia 40 ina karibu gramu 10. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Konyagi ina asilimia 35, kwa hiyo chupa ndogo ya mililita 200 ina gramu 56. Anayeimaliza peke yake jioni moja amekunywa karibu toti sita za wiski, hata kama anasema amegusa kidogo tu.

Taasisi ya taifa ya Marekani inayotafiti masuala ya pombe imewashauri wenye zaidi ya miaka 65, walio na afya njema na wasiotumia dawa, wasizidishe vinywaji saba kwa wiki. Kinywaji kimoja kwa kipimo chao ni gramu 14. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari yoyote, kwa kuwa pombe huchangia saratani. Kunywa kwa kiasi hupunguza hatari, hakuifuti. Ushauri wangu kwa mzee anayekunywa ni toti moja tu siku anayokunywa, na siku nyingi za wiki zipite bila pombe kabisa.

Dawa zilizo kabatini

Hapa ndipo wazee wengi wanapoumia. Anayetumia glibenclamide kwa ajili ya kisukari sukari yake inaweza kushuka ghafla akinywa bila kula. Diclofenac na ibuprofen, ambazo wengi humeza kwa maumivu ya magoti, zikikutana na pombe huongeza hatari ya tumbo kutoka damu. Diazepam na piriton huongeza usingizi hadi kiwango cha hatari. Utendaji wa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, huvurugika. Dawa za presha huweza kuishusha mno mtu anaposimama, na kwa kuwa pombe huongeza mkojo, mzee huamka usiku gizani kwenda chooni huku akiyumba. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, wapo wasiorudi kutembea kama zamani.

Tafadhali usiruke dawa ya presha au ya sukari ili upate nafasi ya kunywa. Ikibidi kuacha kimoja, acha pombe.

Namna ya kuifurahia

Vinywaji vya kuchanganya vina hila yake: utamu huficha ukali. Dawa, ile kokteli maarufu ya Nairobi ya vodka, ndimu, asali na barafu, mara nyingi hubeba toti mbili ndani ya glasi moja. Nyumbani itengeneze kwa vijiko viwili vya mezani vya vodka, ambavyo ni mililita 30. Kamua ndimu nzima, tia tangawizi iliyopondwa na asali kidogo, kisha jaza glasi ndefu kwa barafu na maji yenye gesi. Mwenye kisukari aache asali. Konyagi hupendeza na maji ya ukwaju yasiyo na sukari nyingi. Kula kwanza, kunywa polepole, na glasi inayofuata iwe ya maji.

Nunua chupa yenye lebo, kutoka duka unaloliamini. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Hakuna bei nafuu inayolipa macho.

Vijana, mnapomheshimu mzee kwenye harusi kwa kumwongezea glasi bila kumuuliza, mnamzidishia dozi. Muulizeni kwanza, na akikataa msimbembeleze. Asiyekunywa, kwa dini au kwa hiari yake, asianze uzeeni kwa kudhani pombe ni tiba ya moyo. Nanyi wazee wangu, mkienda hospitali au duka la dawa tajeni kila mnachokunywa, bila aibu. Mfamasia hawezi kuwakinga na mchanganyiko asioujua.