Damu Inayokuja Baada ya Wiki

Mtu aliyeondolewa kinyama cha utumbo mpana Jumatatu kwa kawaida hulala nyumbani kwake usiku huohuo. Jumatatu ya pili anakwenda haja kubwa, anakuta choo chekundu. Wengi husingizia bawasiri au pilipili ya jana, kumbe mara nyingi ni kidonda cha kile kinyama.

Kinyama hiki, ambacho madaktari hukiita polipu, hulishwa na mshipa wake wa damu. Tangu Dkt. Hiromi Shinya alipoanza kuviondoa kwa kamera ya utumbo jijini New York mwaka 1969, kifaa kikuu ni kitanzi cha waya: kinavishwa kinyama, kinakazwa. Kinyama kikubwa hukatwa waya ukiwa na umeme, ili joto lizibe mshipa. Damu ikichuruzika hapohapo, daktari anaiona, anachoma adrenalini au anabana mshipa kwa klipu.

Inayotutia hofu zaidi ni ile inayochelewa. Palipoungua huota gamba, kama kwenye goti la mtoto aliyeanguka. Siku ya 5 hadi ya 7, pengine hata ya 14, gamba linabanduka. Mshipa uliokwisha kupona unatulia. Ambao haujapona unafunguka. Tena joto la umeme huweza kupenya chini na kujeruhi mishipa minene zaidi ndani ya ukuta wa utumbo. Ndiyo sababu vinyama vya chini ya milimita 10 siku hizi hukatwa zaidi kwa waya usio na umeme. Hutoa damu kidogo papo hapo, ila ya kuchelewa huwa nadra.

Hatari huongezeka kinyama kikifika sentimita 2, au kikiwa upande wa kulia wa utumbo. Kuna pia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini na klopidogreli, hasa mgonjwa anapozianza upya. Tafadhali usiziache kwa uamuzi wako: damu inayoganda moyoni au kwenye ubongo huua haraka kuliko kidonda hiki.

Michirizi michache kwenye karatasi mara nyingi hukoma yenyewe. Mabonge ya damu, choo cha damu kinachorudiarudia, kizunguzungu, moyo kwenda mbio: hayo ni ya hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Ukifika, kabla ya jambo lolote, taja tarehe kinyama kilipoondolewa na dawa unazomeza.