Kiruna, mji unaohama na kanisa lake

Kutoka Stockholm tulipanda treni ya usiku, mie na mwanangu anayeishi huku, tukaenda kaskazini zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Kiruna. Nilidhani nitaona milima tu. Milima ipo, na Kebnekaise, mrefu kuliko yote Sweden, hauko mbali sana. Lakini mwenye mji pale ni mgodi wa chuma. Ndio uliouzaa mji mwaka 1900, na sasa ndio unaoufukuza.

Wachimbaji wanakifuata chuma mpaka chini ya nyumba, ardhi inapasuka na kutitia. Mwaka 2004 ikaamuliwa watu wahame, na mji mpya ukajengwa kama kilomita 3 upande wa mashariki. Agosti 2025 walilibeba kanisa la mbao la 1912, tani 672, zima zima juu ya magurudumu, mwendo wa kilomita 5 kwa siku mbili! Mie niliyesomeshwa na mapadri nililitazama nikakumbuka kengele ya skuli.

"Mama, Mji Mkongwe wangeuhamisha vipi?" mwanangu akaniuliza. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Wazee wetu waliotoka Unguja 1964 hawakubebewa hata mlango.

Huku watu hulipwa fidia, au hupewa nyumba nyingine. Hata hivyo bibi mmoja tuliyemkuta kando ya uzio alituonyesha kiwanja kitupu, pale alipolelea watoto wake wanne. Mwanangu akanifasiria maneno yake: "Kanisa wamelibeba. Yangu wameivunja."